Sura ya duka: historia ya ensenye na rangi ku Lubumbashi

Juu ya muziki wa mji wetu watu wameandika mengi, juu ya mpira vilevile, na juu ya kazi ya Union Minière vitabu vimejaa. Lakini juu ya ensenye, ule ubao ao ule ukuta wenye kupakwa rangi mbele ya duka, karibu hakuna mwenye kuandika. Watu wanaipita kila asubuhi wakienda soko. Wanaisoma bila kujua kama wanasoma. Sisi tunaona kama kazi hii ya kumpatia mfanya-biashara mdogo sura yake, jina lake, rangi yake na picha yake, ni desturi ya mji sawa na desturi zingine, na iko na historia yake.

Kuna wenye watasema: ensenye ni kitu cha wazungu, ilikuja pamoja na duka. Kwa upande wa duka ni kweli. Kwa upande wa alama, hapana. Mbele ya mzungu kufika, bankambo betu walijua vizuri kama kitu chenye kuuzwa kinapaswa kuwa na umbo lenye kila mtu anatambua.

Tuangalie msalaba wa shaba. Wafundi wa mukuba walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakati wa kiangazi, wakayeyusha yale majiwe ya kijani kwa makala, kisha wakamwanga shaba katika umbo la msalaba. Pa Sanga, karibu na ziwa Kisale, wataalamu walianza kuchimbua makaburi ya zamani mwaka 1957, na ndani wakakuta misalaba hiyo pamoja na wafu. Kitu chenye kutushangaza ni hiki: misalaba ya kwanza ni mikubwa na haifanani sana. Kadiri miaka inapita inakuwa midogo, na inafananafanana. Pierre de Maret, mwenye alifanya kazi kule miaka mingi, anaona ndani yake njia ya shaba kugeuka feza. Maana yake, mtu wa mbali, mwenye hamujui fundi, hajui kijiji chake wala luga yake, aliweza kupokea ule msalaba mkononi bila wasiwasi kwa sababu ulikuwa sawa na ule wa jana. Umbo moja, kila mara. Njo mwanzo wa mambo yote yenye tutasema hapa.

Na msalaba haukukufa. Wakati Katanga ilijitenga, kutoka 1960 mpaka 1963, bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, na feza ya vyuma ya mwaka 1961 ilikuwa na msalaba upande mmoja, ndizi upande wa pili. Siasa yake kila mtu anaihukumu namna anataka. Lakini wale wenye walitafuta alama ya kutambulisha inchi mpya hawakwenda mbali, walichukua ile yenye kila mtu wa hapa alikuwa anaijua tayari. Leo tena utaikuta kwa mlango wa mfua-shaba, kwa karatasi ya otele, kwa mfuko wa plastiki.

Tungeweza kusema pia juu ya lukasa ya Waluba, ile mbao yenye shanga yenye watu wa Mbudye walitumia ili kukumbuka mambo ya wafalme: kila shanga na pahali pake na rangi yake iko na neno. Nkongolo ni mwekundu, Kalala Ilunga ni mweusi. Lakini hiyo inaomba andiko lake peke yake. Tunaitaja tu ili mtu asifikiri kama kusoma rangi tulifundishwa ku masomo ya mapadri.

Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1910, jina lake Élisabethville, na shaba ya kwanza ya kiwanda ilitoka mwaka 1911. Pale katikati ya mji walikaa wazungu wa Leta na wa kompani, na pamoja nao Wagiriki, Waitalia, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, wenye maduka. Watu weusi walikaa sité, ile yenye iliitwa Albert na leo ni Kamalondo, na katikati yao uwanja mtupu wenye waliita zone neutre. Ensenye za mjini zilikuwa maandiko tu: jina la mwenye duka, na neno la kazi, kwa Kifaransa. Zilikuwa za mtu mwenye kusoma. Mama mwenye alitoka kijijini na hakufika shuleni, ensenye ile haikumwambia kitu.

Basi kule sité picha njo ilichukua nafasi ya herufi. Na picha ukutani haikuwa kitu kigeni. Mwaka 1926, pa Bukama, mtumishi mmoja wa Leta ya Ubelgiji, Georges Thiry, aliona kuta za nyumba zenye kuchorwa, akamtafuta mchoraji, akamupata Albert Lubaki, fundi wa pembe za tembo. Akamupa karatasi na rangi. Mwaka 1929 michoro yake ilionyeshwa Bruseli. Watu wanapenda kusimulia ile safari ya Bruseli. Sisi tunapenda zaidi ile sehemu ya kwanza: mchoro ulikuwa ukutani mbele ya kufika kwenye karatasi.

Juu ya Hangar ya Romain-Desfossés tutapita haraka, maana inajulikana: shule ile ya mwaka 1946, Pilipili Mulongoy na samaki zake na ndege zake, Mwenze Kibwanga na mistari yake, Bela mwenye alichora kwa vidole. Mwaka 1951 Laurent Moonens akaanzisha Académie. Wale walikuwa wachoraji wa mzungu kununua, na kazi yao ni nzuri sana, hatukatai. Lakini wao si wenye walipaka mlango wa bucha ku Kenya ao ukuta wa bar ku Katuba. Ile ilikuwa kazi ya watu wengine, wenye hawakuweka jina, ao waliliandika kidogo pa kona ya chini.

Miaka ya 1970 njo ilikuwa wakati wao mkubwa. Mwaka 1966 Élisabethville ilikuwa imegeuka Lubumbashi. Mwaka 1971 inchi ikawa Zaïre, na Katanga yetu ikaitwa Shaba (jina la Kiswahili safi, lakini watu wengi hawakulipokea kwa moyo). Mwaka 1972 majina ya kikristo yakakatazwa. Na tarehe 30 novemba 1973 Mobutu akatangaza zaïrianisation: maduka na mashamba ya wageni wadogo yakapewa wanainchi. Fikirini kazi yenye fundi wa ensenye alipata wakati huo. Kila jina la Kigiriki ao la Kireno juu ya mlango lilipaswa kufutwa, na jina jipya kuandikwa juu yake. Rangi ilinunuliwa mingi. Lakini kwa maduka mengi vitu vikaisha ndani ya miezi michache, na wenye duka wapya hawakujua pa kununua vingine. Ensenye ilikuwa mupya, etajeri zilikuwa tupu. Wazee wa hapa wanasema mpaka leo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunaongeza kama kitu chenye hakiko hakijiuzi wala hakijitembezi, hata wakipaka ukuta rangi ya zahabu.

Ni wakati uleule wachoraji wa tablo walikuwa wengi mjini. Walichora juu ya mifuko ya bunga yenye kunyoshwa kwenye mbao na kupakwa rangi nyeupe, na watu walinunua tablo ili kutundika ku salon: mamba muntu, Colonie belge na fimbo zake, kijiji cha zamani. Tshibumba Kanda Matulu, mwenye alizaliwa hapa mwaka 1947, alitoka kati yao. Kati ya 1973 na 1974 alimuchorea Johannes Fabian historia ya inchi nzima, na alijiita mwenyewe mwana-historia. Kule Kinshasa, Chéri Samba alijifunza kazi kwa wachoraji wa ensenye, akafungua atelye yake mwaka 1975. Ile desturi yake ya kuandika maneno juu ya picha, yenye wazungu wanaisifu katika vitabu vikubwa, mtu mwenye anajua ensenye haimushangazi. Picha inaita, neno linaeleza.

Sasa tuseme namna kazi inafanyika, maana njo pale utajiri wake unaonekana.

Mwenye duka anapokuja kwa fundi, mara ya kwanza anataka vyote. Anataka jina lake, jina la mtoto wake, neno la Mungu, simba, na orodha ya bidhaa yote. Fundi mwenye akili anamuuliza: mteja wako anakuona akiwa wapi? Ndani ya bisi? Juu ya kinga? Kwa miguu? Mtu mwenye kupita ndani ya bisi anaona kitu kimoja tu, na rangi moja. Basi wanachagua. Kwa bucha kichwa cha ngombe, kwa tayeri mashini ya kushona, kwa kinyozi vichwa vitatu vyenye nywele za namna mbalimbali, kwa mama wa chakula sahani ya bukari na samaki. Kwa fundi wa mipira ya gari hata kuchora hapana, mpira wa zamani wenye kutundikwa unatosha, na neno « Quado » pembeni yake. Farmasia inachukua msalaba wa kijani, na hapo hakuna mazungumzo.

Kisha ukuta. Wafundi wa hapa wanajua kitu chenye vitabu vya Ulaya havifundishi: udongo wetu ni mwekundu, na mvua za novemba mpaka marsi zinaurusha ukutani. Kwa hiyo sehemu ya chini, karibu metre moja, inapakwa rangi nzito, nyeusi ao kahawia, na herufi zinaanzia juu yake. Mtu mwenye alipaka nyeupe mpaka chini, mwezi wa desemba duka lake linafanana na mtu mwenye alianguka matopeni. Herufi zinapimwa kwa kamba yenye kupakwa chaki, inavutwa na kuachiliwa ili iache mstari. Zinajazwa kwa rangi moja, kisha zinapewa kivuli kwa rangi ya pili, ili zionekane kama zinatoka ukutani. Rangi mbili, mara nyingine tatu. Kupita pale, feza inaisha na macho yanachoka.

Lakini ukuta ni nusu ya kazi tu, na hapa njo wafanya-biashara wengi wanapotea. Utaona duka moja: ukutani ni « Maison la Grâce », ku kashe ni « Ets » na jina la baba, ku fakitire ni jina lingine tena, na mfuko mwenye mteja anatoka nao ni wa mtu wa kando. Duka lile liko na sura nne, maana yake haliko na sura. Mteja mwenye alifurahi hawezi kumutuma jirani yake, atamuambia nini? Duka lingine, dogo kuliko lile, mwenye nalo ni mama wa munkoyo, alichagua kijani na kikombe. Kikombe ukutani, kikombe ku ndoo, kitambaa cha kijani kichwani, benchi ya kijani. Hakulipa mtu wa Beaux-Arts. Watoto wenye kutumwa wanaambiwa tu « kwenda kwa kijani », na wanafika. Ni sawasawa na ile misalaba ya Sanga: kitu kimoja, kila mara, pahali pote.

Watu wa mpira walielewa jambo hili mbele ya wafanya-biashara. Ile timu yenye mapadri Wabenedikto walianzisha mwaka 1939 ilibeba majina mengi: Saint-Georges, kisha Saint-Paul, kisha Englebert, jina la fabrika ya mipira ya magari. Baada ya ubingwa wa 1966 ikaongeza Tout Puissant, ikatwaa kombe la Afrika 1967 na 1968, na nyuma njo ikawa Mazembe. Majina yalikuja na kuondoka. Lakini ukimuonyesha mtoto wa Kamalondo nyeusi na nyeupe, na mamba mwenye mpira kinywani, hataomba jina. Na ukimuonyesha manjano na bulu atasema Lupopo, pengine atatema mate. Wenye bar wanajua: kupaka ukuta rangi ya timu ni kupata wateja wa upande mmoja na kukosa wa upande wa pili. Kuna wenye walipaka nusu kwa nusu. Hatujasikia kama iliwasaidia.

Kisha zikaja siku mbaya. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, na Gécamines pamoja nao. Mwaka 1991 mji ukaibiwa, maduka yakavunjwa, na wenye maduka wakaweka vyuma mbele ya milango. Mshahara ukawa kitu cha kusimuliwa. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kwa ule mpango wenye waliita départ volontaire, na ni hiari ya namna gani, kila familia inajua. Mtu mwenye alikuwa amezoea posho na hospitali ya kompani alijikuta na feza kidogo mkononi na ukuta wa lupango wake. Akatoboa dirisha ndani ya ukuta ule, akauza sukari, sabuni, mishumaa. Ensenye haikuwa tena kazi ya mjini, iliingia katika kila avenue ya Katuba, Kenya na Ruashi. Kwa mtu yule kuandika jina juu ya dirisha haikuwa pambo. Kwa miaka 20 ao 30 jina lake lilikuwa namba ya kazi. Sasa lilisomwa barabarani.

Na ni wakati uleule kompani za simu zilifika na rangi. Celtel, Vodacom na zingine walipita avenue kwa avenue wakipaka kuta, milango, vibanda, na wakigawa miavuli. Bila kulipisha. Mwenye duka alifurahi: ukuta wake ulikuwa umebambuka, na rangi ni bei kali. Lakini tuone matokeo. Avenue nzima ilikuwa na rangi moja. Jina la mama lilipunguzwa, likaandikwa kidogo chini, ao likakosekana kabisa. Mwaka 2008 Celtel ikawa Zain, kuta zikapakwa tena. Mwaka 2010 Zain ikawa Airtel, kuta zikapakwa tena. Kila mara kompani ilibadilisha nguo, mama naye alibadilishwa, na hakuna mwenye alimuuliza. Wateja wake walimtambua kwa uso wake tu, na siku aliugua, mtoto wake akikaa dirishani, walipita bila kusimama.

Kuna wenzetu wenye wanasema tusilalamike, mtu maskini akipewa rangi bure aichukue. Tunasikia neno lao. Hatusemi aikatae. Tunasema aulize bei yake: nusu ya ukuta ibaki yake, na jina lake liandikwe na fundi mwenye yeye mwenyewe alichagua, kwa kimo chenye mtu wa bisi anaweza kusoma. Kuna wenye walifanya vile na kompani ikakubali, maana kompani inahitaji ukuta kuliko ukuta unavyohitaji kompani.

Siku hizi kuna bashi zenye kuchapwa kwa mashini. Kijana anakaa mbele ya ordinatere, anachukua picha ya mwanamke wa Amerika mwenye nywele ndefu, anaiweka juu ya salon ya ku Kampemba, na kesho yake picha ileile iko ku salon ya kando. Bashi ni rahisi na ni ya haraka. Jua letu linaikula ndani ya mwaka mmoja ao miwili, pale rangi ya mafuta inakaa zaidi. Lakini si kwa sababu ya mashini sura inapotea. Tumeona vijana wenye kutoka Beaux-Arts wakichora kwanza kwa mkono, wakipiga picha ya mchoro wao, kisha wakauchapa ku bashi, ku mifuko, ku kashe, paka uleule. Mashini inarudilia vizuri. Inaomba tu kupewa kitu cha kurudilia.

Mfanya-biashara mwenye sura yake imeanza kujulikana ajue pia kama sheria iko. Sheria namba 82-001 ya tarehe 7 januari 1982 inalinda alama ya biashara, lakini inaomba mtu aipeleke kwa wizara ya viwanda ili iandikwe. Na tangu inchi yetu iliingia ndani ya OHADA, tarehe 12 septemba 2012, jina la duka linaandikwa ndani ya registre de commerce. Watu wa dirisha la lupango wanacheka wakisikia hivi, wanasema hiyo ni ya wakubwa. Wanacheka mpaka siku mtu wa avenue ya pili anapaka kikombe cha kijani.

Wafundi wa zamani wanaondoka mmoja mmoja, na hawakuwa na desturi ya kuchunga michoro yao: ukuta njo ulikuwa daftari. Kwa hiyo kitu chenye kinabaki ni picha za familia. Mtu alipiga picha ya ndoa, ya ubatizo, ya kinga mupya, na nyuma yake, bila kukusudia, bar ya Kamalondo ya mwaka 1975 ao bucha ya Kenya iko inaonekana na herufi zake zote. Wasomaji wenye kuwa na picha za namna ile kwenye malalo ya wazazi wao wasizitupe. Waandike nyuma yake jina la avenue, mwaka, na jina la fundi kama kuna mtu bado mwenye kulikumbuka.